Gogo Lenye Kabari

Watu wengine wakinusa mkaratusi wanakumbuka mafua ya utotoni, wakiwa wamefunikwa blanketi juu ya sufuria ya maji moto, majani yakielea. Mimi nikinusa mkaratusi uliopasuliwa sasa hivi, ukali ule unaopanda puani na maji yake yakitoka kwenye ufa, huondoka mahali hapo. Ndiyo sababu kwangu mtaa wa Dallas, pale Embu mjini, napikia gesi, na jirani akishusha kuni za sherehe nafunga dirisha. Wanasema nina maringo. Waache waseme.

Mwezi uliopita nilinusa tena, na hapakuwa na dirisha la kufunga. Tulikuwa tunamlilia Baba. Boma letu, juu kidogo ya Kianjokoma, lilikuwa limejaa watu tangu asubuhi, na kwetu mtu akifa kitu cha kwanza ni chai, na chai inataka kuni. Wanaume wakavua makoti, wakaanza kupasua mikaratusi nyuma ya jikoni. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe niliposikia Njeru, jirani yetu wa upande wa chini, akiuliza, "Na hili gogo je? Limekaa hapa miaka yote la nini? Oneni, hata kabari imo ndani!" Akainua nyundo kubwa.

"Wacha hilo!"

Sikujua nina sauti kama ile. Vikombe vikaenda chini, viwili vikavunjika, na kina mama waliokuwa wakimenya viazi wakageuka wote pamoja. Njeru alishusha nyundo polepole. "Pole, dada," akasema. "Sikujua ni la maana." Niliinama nikaokota vigae. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini kwamba duniani ni watu wawili tu wanaojua lile gogo ni la nini, mimi na Baba, na Baba alikuwa mochari akingoja siku yake.

Nilikuwa darasa la tatu. Nyumbani tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na Cucu, yaani nyanya yangu, aliyemzaa Baba. Mtoto wa pekee wakati ule lilikuwa jambo la kuulizwaulizwa. Mwalimu mmoja aliniuliza mbele ya darasa, "Na wenzako wako wapi?" kana kwamba nimewaficha mahali. Kwa hivyo Mama alipopata mimba, baada ya miaka mingi ya kungoja, niliwatangazia darasa zima hata kabla tumbo halijaonekana. Mama alinifinya sikio, lakini alikuwa anacheka.

Mama alikuwa mtu wa kucheka. Alitoka mbali, Muthara, kule Tigania, na Kimeru chake kiliingia katika Kiembu cha kwetu kwa namna iliyomfanya Cucu aseme kwamba ameolewa pamoja na wimbo. Alichuma chai kutwa nzima, kikapu mgongoni, na jioni bado alikuwa na nguvu za kumchokoza mtu. Cucu naye alikuwa na furaha yake. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na babu, mume wa Cucu, alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Basi kila asubuhi Cucu alilisemesha lile tumbo. "Nitunzie mzee wangu vizuri," alimwambia Mama. "Nimemngoja sana."

"Na akija mkorofi kama yule wa kwanza je?" Mama aliuliza.

"Safari hii nitamchapa. Atakuwa mdogo."

Tumbo lilipoanza kuwa zito, Cucu alinikalisha jikoni, karibu na mafiga, akanipa kazi. Tangu siku ile kuni zingeingia motoni kwa upande mmoja tu, upande wa shina. Mti umesimama hivi, akaniambia, akiinua tawi la mbuni, huku chini ndiko unakotokea, huku juu ndiko unakoishia. Shina litangulie motoni. Ukianza na kichwa cha mti, umegeuza mambo, na mtoto aliye tumboni humu ndani ya nyumba naye atageuka, atatoka akitanguliza miguu. "Na mtoto anayetanguliza miguu," akasema, halafu hakumaliza. Nimeuliza watu wa rika langu, wa Embu na wa Meru, na wengi wanalijua jambo hili, wengine wanalicheka. Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyewasha moto wa asubuhi kabla ya shule na wa jioni nikirudi, na nilielewa kwamba nimekabidhiwa mtoto.

Tawi ni rahisi, upande mnene ndio shina. Lakini sisi tulikuwa tunaishi kwa kuni za kupasua, na kuni iliyopasuliwa kutoka kwenye gogo ni nene sawa pande zote mbili. Nilimpelekea Baba shida yangu nikilia. Alikuwa hana imani na mambo hayo, alikuwa mtu wa kanisa na wa gazeti, na nilitegemea anicheke. Hakunicheka. Alichukua kaa lililozimika, akaenda kwenye magogo yaliyokuwa yakingoja shoka, na kwenye kila gogo, upande wa shina, akachora msalaba mkubwa mweusi. "Nikilipasua vipande vinne, kila kipande kitabaki na weusi wake," akasema. "Upande wenye weusi utangulie motoni. Sawa, askari?" Tangu siku hiyo aliniita askari wa moto. Kila kuni niliyoishika niliigeuza kwanza nikatafuta weusi, na sikukosea hata mara moja. Naapa sikukosea.

Magogo yale yalitoka kwenye mkaratusi ulioangushwa na upepo kule mpakani karibu na mto. Mwenye msumeno wa injini aliukata vipande, na Baba akaanza kupasua kila siku baada ya kupeleka majani ya chai. Palikuwa na haraka. Mwanamke akijifungua, nyumba haipaswi kukosa kuni kavu hata siku moja. Mzazi anataka joto, uji, maji ya kuoga, na wageni wanataka chai. Juu ya mafiga kulikuwa na itara, ile dari ya miti ambako kuni hupangwa zikaushwe na moshi, na Baba aliijaza safu kwa safu. Hizo hazikuguswa na mtu. Zilikuwa za mtoto.

Mti ule kwa sehemu kubwa ulikuwa na adabu. Baba hakupiga katikati kama wanavyofanya watu wasio na subira. Alisimamisha gogo kichwa kikiwa juu, akaanza pembeni, akamenya kidogo kidogo kama anavyomenya ndizi ya kupika, na kila pigo lilitoa sauti safi, *pa!*, na ule unyevu wa harufu kali. "Ukiwasha, anza shinani," aliniambia, "lakini ukipasua, anza kichwani." Mtu angedhani anataka kunichanganya.

Halafu likabaki gogo la mwisho, lile la chini kabisa lililokaa karibu na kisiki. Jamani lile gogo! Nyuzi zake zilikuwa zimejisokota kama kamba. Shoka liliingia likabaki. Akilitoa, palibaki mdomo mdogo tu, na mdomo ukajifunga. Pale lilipokubali kufunguka kidogo, pande mbili zilishikiliwa na nyuzi nene, nyekundu kidogo, ngumu kama nyama ya ng'ombe mzee, na ilibidi azikate moja moja. Alipiga Jumatatu, akapiga Jumanne. Akaleta kabari, chuma kizito ambacho fundi wa sokoni alimchongea kutoka kwenye ekseli ya lori. Kabari ikaingia nusu, ikagoma.

Mama alikuja akasimama pale, mkono kiunoni, tumbo mbele. "Gogo limekushinda, mwanaume wa Embu."

"Halijanishinda. Tunaongea."

"Linasema nini?"

"Linasema ni la Tigania. Halisikii la mtu."

Mama alicheka hadi akaegemea ukuta. Namsikia mpaka leo, na ningetoa chochote nilicho nacho nimsikie tena.

Jioni moja wiki hiyo, nikiwa nachambua mboga mlangoni, niliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini, na Mama hakuwa anacheka. "Walisema niende mapema," alisema. "Si walisema mapema?" Baba akajibu, "Jumatatu. Nimalize hili gogo tu, itara ijae, nisimwache Mama mzee na mtoto na kuni mbichi kwenye mvua hii. Jumatatu asubuhi nakupeleka mwenyewe." Mama akasema, "Haya."

Mimi nilijua wanaenda wapi. Tulikuwa tumeahidiwa kwenda Muthara kwa kina Mama, kumsalimia nyanya yangu wa huko kabla mtoto hajazaliwa, na nilikuwa nimelala na hiyo ahadi miezi. Kumbe kilichotuzuia ni gogo! Nikaamua kumsaidia Baba alimalize. Kila nikitoka shule nilienda kwenye lile gogo nikavuta nyuzi zilizochomoza pembeni, nikazichana kwa mikono yangu, ndefu ndefu, mpaka vidole vikatoka damu. Nilizipanga kando ya mafiga zikauke. Baba aliona akasema, "Askari wangu ana mkono mzuri." Wala hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba nyuzi zilizochanwa ubavuni hazina weusi wa makaa.

Jumamosi alilianza asubuhi na mapema. Alipiga ile kabari hadi ikazama shingoni, na pale ikakwama kabisa, haiingii, haitoki. Nilimwona akikaa chini, jasho likimtiririka, akiliangalia. Mara akainuka, akasema anaenda Kianjokoma kuazima kabari ya pili kwa fundi, atalipasua leo hata kama ni kwa meno. Alimwita Mama kule shambani akamwambia kwa sauti, "Narudi sasa hivi!" Cucu naye alikuwa ameenda kwa mkutano wa kina mama wa kanisa.

Mvua ikaja kama saa tisa, ile ya mlimani, baridi na bila onyo. Mama akaingia jikoni ameloa chapachapa, ametua kikapu mlangoni, meno yanagongana. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. "Niwekee maji moto, mami," akaniambia. Moto ulikuwa umezimika. Kuni za chini zilikuwa zimeisha. Nikaangalia juu, kwenye itara, safu zote zile kavu zenye weusi, nikakumbuka kwamba hizo ni za mtoto. Nikachukua nyuzi zangu.

Nilizigeuza. Naomba mtu aniamini kwamba nilizigeuza. Niliinua ule wa kwanza nikatafuta weusi upande huu, nikatafuta upande ule, nikapima unene kwa vidole, nikaunusa. Ulikuwa sawa pande zote. Wa pili hivyo hivyo. Nikamwangalia Mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinama, anatetemeka, mikono imelikumbatia tumbo.

"Washa tu, mami," akasema. "Nasikia baridi."

Nikawasha. Zilishika haraka sana, zikawaka kwa mlio, na jikoni kukajaa ile harufu. Mama alinyoosha viganja kwenye moto akafumba macho, akasema asante. Maji yalipochemka nilimtilia chai. Akanywa kidogo, kisha kikombe kikamwanguka mkononi, akashika ukingo wa ukuta, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Nilikimbia kwa jirani. Kina mama walikuja wamejifunika magunia. Cucu alikuja mbio, yeye aliyetembelea fimbo. Pikapu ya kubebea majani ya chai ilisimamishwa barabarani, wakamlaza Mama juu ya magunia matupu, magurudumu yakazunguka kwenye matope, wanaume wakasukuma. Nikiwa nimebaki barabarani, pale kwenye kona ya chini nilimwona Baba anapanda kilima, ana kabari ya fundi begani, anatembea upesi kama mtu mwenye habari njema. Gari likamwashia taa. Alipanda nyuma akiwa bado ameishika ile kabari. Mama hakugeuza uso kuniangalia, na mimi sikumpungia mkono kwa sababu nilikuwa najua nilichofanya.

Walirudi bila yeye. Asubuhi yake watu walikuwa wengi uani, na mama mmoja alikuwa anamweleza mwenzake nyuma ya jikoni, hajui kwamba niko ndani. "Alitanguliza miguu," alisema. Mwenzake akasema, "Ngai! Na hospitali ilivyo mbali. Na walivyochelewa." Sikusikia hayo ya mwisho. Namaanisha masikio yalisikia, mimi sikusikia. Mimi nilisikia miguu. Mama alikuwa amekufa na kaka yangu alikuwa amekufa, yule mzee wa Cucu, na ilikuwa ni kwa mkono wangu.

Chai ya matanga ilitaka kuni. Wanaume wakapanda kwenye itara, wakazishusha zote, safu kwa safu. Kuni za mtoto ndizo zilizochemsha chai ya kumlilia. Nilisimama pale nikaangalia watu wakizitia motoni, weusi ndani, weusi nje, hovyo hovyo, na hakuna aliyejali tena.

Baada ya hapo Baba alibadilika, na mimi nilijua sababu. Hakupasua kuni tena; alinunua kuni za mukima, mti mwepesi usio na shida, zimeshapasuliwa. Lile gogo hakulichoma wala hakulitupa. Alilibeba na kabari yake ndani, akalipandisha juu ya mawe chini ya paa la ghala, na kila mwaka alilipaka oili chafu mchwa wasilile. Nilidhani ananiwekea ushahidi. Nilidhani siku nitakapokuwa mkubwa wa kutosha ataniita pale, anionyeshe, aniulize. Nilingoja hiyo siku tangu nikiwa mtoto hadi nikawa na mvi.

Na kulikuwa na jambo lililoniumiza kuliko gogo. Alininyima moto. Siku chache baada ya mazishi niliinama kuwasha moto kama kawaida yangu, akaja nyuma yangu, akaninyang'anya kiberiti. "Wacha," akasema. "Nitawasha mwenyewe." Na hakuwahi kuniita askari tena. Kila asubuhi, miaka yote hadi nilipomaliza shule, aliamka kabla yangu, akawasha moto, akapika chai, akanipa kikombe mkononi bila neno. Niliinywa kama mfungwa anavyokula cha jela. Nilijiambia, anajua. Hawezi kuniamini na moto, na ni haki yake.

Sikumwambia mtu. Cucu alikufa sijamwambia. Nilipokuwa na mimba ya mwanangu sikukaribia jiko la mtu yeyote, na mume wangu alidhani ni moshi unanichefua. Hata Baba alipougua, akakaa kwangu Dallas miezi yake ya mwisho, hatukusema. Siku moja aliniangalia nikiwasha gesi, akasema, "Kwako hakuna moshi. Vizuri." Nilienda bafuni nikafungua maji nikalia, maana niliona amenichoma makusudi.

Basi siku ile nilipomfokea Njeru, aliyenifuata nyuma ya ghala ni Tata Igoki, dada mdogo wa Baba, mama wa miaka sabini na kitu ambaye hana subira na machozi. "Wewe, umewavunjia watu vikombe," akasema. "Gogo lina nini?" Na sijui ni kwa sababu Baba hayupo, au ni ile harufu, lakini nilimwambia. Yote, nyuzi, weusi, washa tu mami. Niliongea nikiangalia chini. Nilipoinua macho Tata alikuwa ameketi kwenye jiwe, mkono mdomoni.

"Ngai wakwa," akasema. "Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna. Nilijua tu."

Aliinuka akaingia ndani ya nyumba, akarudi na lile sanduku la bati la Baba, ambalo yeye alikuwa amelifungua siku hiyo hiyo kutafuta kitambulisho cha marehemu. Alichakura chini ya vyeti vya ubatizo, akatoa kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne, kingo zimeshakuwa laini kama kitambaa. Jina la Mama. Uzito, presha, wiki za mimba. Na chini kabisa, kwa kalamu ya bluu, maandishi ya haraka: mtoto amekaa matako chini, miguu chini. Aende hospitali kubwa mapema, akangojee huko.

Niliangalia tarehe. Kisha nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Ilikuwa wiki tatu kabla ya ule moto.

"Alikuwa amekaa hivyo tangu mapema," Tata akasema. "Walijua wote wawili. Mamako alikuwa aende Embu. Babako akasema amalize kuni kwanza, asiwaache na baridi. Siku ya mazishi alinishika mkono, akaniambia, 'Igoki, nimemuua kwa gogo.' Maneno hayo tu. Hakuyarudia tena."

Kumbe si Muthara. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya mboga, nikasikia yote, na nikaelewa ni safari ya kwenda kwa nyanya.

"Na moto?" nikamuuliza. "Mbona alininyima moto?"

"Kukunyima?" Tata alinikodolea macho. "Mtoto, alisema huyu hatakaa kwenye moshi, hana mama wa kumpangusa macho. Mimi nilimkemea, nikamwambia anakudekeza, utaolewa hujui kuwasha. Hakusikia."

Nilidhani siku nikipata habari kama hiyo ningeruka. Sikuruka. Kwanza nilikasirika, nikataka kumwendea kule mochari nimtikise mabega. Miaka yote ile, Baba! Meza moja, chai moja, wewe na gogo lako na mimi na gogo langu, na lilikuwa ni lile lile. Ungeniambia tu kwamba mtoto alikuwa amekaa vibaya. Halafu hasira ikageuka ikanirudia, kwa sababu na mimi ningemwambia. Ningemwambia, Baba, ni mimi niliyewasha zile nyuzi, naye angeniambia, hapana, askari, kuna kadi. Ningesema pale Dallas, aliposema hakuna moshi. Mwezi mmoja tu kabla ya kufa kwake ingetosha. Nililia pale kwenye kifua cha Tata mpaka kitambaa chake kikaloa.

Uani mambo hayakungoja. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa moshi na povu, maji hayachemki, na wageni wa kanisa walikuwa wamefika. Njeru alikuwa amepiga magoti anapuliza, macho mekundu. Nilijipangusa uso nikamwendea.

"Lete lile gogo," nikasema.

Aliniangalia kuona kama nina akili zangu. "Lile la kabari?"

"Lile."

Alilijaribu kwanza. Alipiga nyundo mara kumi, labda kumi na mbili, na wanaume wengine wawili wakapokezana. Nyuzi zilitoa mlio, mdomo ukafunguka upana wa kidole, ukakataa kuendelea. "Haki hili si gogo, ni mtu," Njeru akasema, akicheka kwa kukosa pumzi. Nikawaambia waliingize zima, na kabari yake. Wakalibeba watatu, lilikuwa kavu kama mfupa lakini zito bado, wakalileta kwenye mafiga, wakainama kulisukuma ndani.

"Ngojeni."

Nilichuchumaa. Upande waliokuwa wakiutanguliza ulikuwa wenye kabari. Nikazunguka hadi upande wa pili, nikapangusa vumbi na oili iliyoganda kwa kanga yangu, na pale chini ulikuwepo, umefifia, msalaba wa makaa, mkono wa Baba.

"Ligeuzeni," nikasema.

Njeru alihema. "Dada, litashika tu. Moto haujui upande."

"Najua," nikamwambia.

Nikashika ule mwisho wenye weusi kwa mikono yangu miwili, tukaligeuza pamoja, na shina likatangulia.